Porto Moja Mpaka Kaburini

Jumapili, 3 Machi

Habari njema: baba mkwe ni mgonjwa. Si mgonjwa wa kulazwa. Moyo wake umechoka kidogo, na daktari amempiga marufuku kugusa pombe hata kwa ncha ya ulimi. Ametutangazia leo mezani, kasimama wima, kitambaa cheupe kimekunjwa mkononi, kama anayetuletea hesabu ya chakula.

Mzee huyu alikuwa mkuu wa ukumbi wa chakula katika hoteli kubwa maisha yake yote ya kazi. Hoteli ilipofunga milango, wenzake waliondoka na vijiko na mashuka. Yeye alinunua porto. Stoo nzima chini ya ngazi! Porto, nimeelezwa leo, ni divai nyekundu, tamu, nzito, kali kuliko divai nyingine, na iliyo bora kabisa hupewa jina la mwaka ambao zabibu zake zilivunwa, kisha hulazwa gizani mpaka aliyeinunua aote mvi. Anazo za miaka mitatu: ya sitini na tatu, ya sabini, na ya sabini na saba.

Sasa anazigawa. Kwetu sisi, waume wa binti zake wawili. Sharti: Jumapili ya tarehe 17 tutaonja zote tatu bila kuonyeshwa majina. Kila mmoja atachagua moja. Moja tu. Hiyo atapewa, na hiyo ndiyo atakayokunywa mpaka siku ya kuzikwa, bila kuchungulia nyingine. Mzee anasema yeye alichagua yake ujanani na hajaisaliti hata mara moja. Ni ipi? Hasemi. Hata binti zake hawajui.

Mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, ni daktari wa meno. Mimi humwita Bwana Sahihi, kwa kuwa ukisema neno lolote yeye hulisahihisha. Alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kama mjuzi. Nikamuwahi! Nikatangaza kwamba mimi na porto ni watu wa siku nyingi. Akaniuliza kwa upole huwa nakunywa ipi. Nikasema ya bandarini. Akauliza bandari gani. Nikasema inategemea meli.

Mke wangu akaomba asogezewe chumvi, ingawa tulikuwa tunakula matunda.

Haidhuru. Nitashinda. Miaka yote hii mzee humwita Bwana Sahihi "daktari", na mimi huniita "wewe wa mapazia". Mkakati ni rahisi: nigundue porto ya mzee ni ipi, siku ya kuonja niichague hiyo hiyo, niseme maneno mawili matatu ya kugusa moyo. Atalia. Nitakuwa nimeshaandaa leso.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua chupa ya porto ya hali ya chini kwa ajili ya mazoezi. Muuzaji alisema porto huonjwa kwa kuizungusha mdomoni, halafu mtu hutema. Nimefanyia mazoezi kazini, stoo, katikati ya majora. (Mimi ni meneja msaidizi wa duka la mapazia. Wafanyakazi tuko wawili: meneja, na mimi.) Kuzungusha niliweza mara moja. Ladha: dawa ya kikohozi iliyosoma mpaka chuo kikuu.

Shida ilikuwa kutema. Meneja akafungua mlango ghafla, nikashtuka, na yote ikarukia pazia la rangi ya maziwa lililokuwa limeshapigwa pasi likimsubiri mwenyewe. Meneja ni mwanamke anayeweza kuona mshono uliopinda akiwa ng'ambo ya barabara. Akauliza ni nini hicho. Nyuma yake kasimama nani? Mwenye pazia.

Lakini akili yangu haijawahi kunitupa! Nikasema ni sampuli ya rangi mpya, inaitwa damu ya zabibu. Mwenye pazia akaweka mkono kifuani. Akasema rangi hiyo ndiyo aliyokuwa akiiota bila kujua jina lake, na apewe ya madirisha yote. Meneja amepiga simu kiwandani papo hapo na kuagiza jora zima. Kisha amenitazama kwa muda mrefu bila kupepesa. Naamini ni heshima.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa mzee na futikamba shingoni. Nimemwambia nataka kumtengenezea mapazia ya sebule, zawadi kutoka kwa mkwe wake. Mzee alishangaa mpaka akasahau kuniita wa mapazia, siku ambayo kwa kweli jina lingenifaa. Akaenda jikoni kuteleka maji ya chai. Nikashuka stoo mbio!

Chupa zimelala kwenye rafu kama wagonjwa wodini, kila mwaka na ukuta wake. Ya sabini: rafu imejaa. Ya sabini na saba: imejaa, inapungua chache. Ya sitini na tatu: pengo! Zaidi ya nusu zimekwisha. Sikuhitaji miwani. Mtu hunywa anachokipenda, na anachokipenda hupungua. Nimelijua la mzee kabla chai haijachemka.

Nikageuka. Mzee kasimama mlangoni. Akauliza napima dirisha gani huku chini. Nikamjibu napima mahali ambapo dirisha lingekaa, kama lingekuwepo. Akafikiri kidogo. Akasema ni nadra siku hizi kuona fundi makini hivyo.

Juu, alikuwa ametandaza vikombe vitatu. Akakitazama kile cha tatu, akakirudisha kabatini. Mama mkwe alifariki mwaka juzi. Nikaanza kupima dirisha la sebule upya, ingawa nilikuwa nimeshalipima.

Jumamosi, 9 Machi

Maafa! Maafa matupu!

Mke wangu alikuwa kwenye simu na dada yake muda mrefu. Akaja chumbani uso unang'aa. Mzee anauza nyumba. Ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na ngazi zinamchosha. Atahamia kwa mmoja wa binti zake, lakini hawezi kumchagua mmoja amuumize mwingine. Kwa hiyo porto ndiyo itakayochagua. Atakayeonja na kupenda ile anayoipenda yeye, kwa huyo atahamia, maana wanaume wawili wenye kinywa kimoja wanaweza kuishi chini ya paa moja.

Mke wangu akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Si ulisema wewe na porto ni watu wa siku nyingi?"

Nikasema tumeonana mara chache.

Mzee! Nyumbani kwangu! Mtu anayepiga pasi gazeti kabla ya kulisoma. Mtu anayefungua redio alfajiri kwa sauti ya juu ili kuhakikisha dunia nayo imeamka. Mtu ambaye, kila nikila kwake, husogeza uma wangu kidogo kushoto, kimya kimya, kisha hurudi nyuma hatua moja na kuutazama. Nitakula na mtu huyo mpaka lini?

Mkakati umegeuka. Sasa ni lazima nishindwe. Bwana Sahihi ndiye ashinde. Ana chumba cha wageni, ana bustani, na ana ile tabia yake. Wanafaana.

Jumapili, 10 Machi

Nimemkuta Bwana Sahihi kwa kinyozi. Hajawahi kunichangamkia namna ile! Kaniachia zamu yake ya kunyolewa. Akasema, mbele ya watu, kwamba katika familia yetu hakuna ulimi unaojua ladha kama wangu. Nikamwambia ulimi wa daktari wa meno ndio ulimi. Akasema la hasha, yeye hushinda ananusa dawa, pua yake imeshakufa. Nikasema pua hufufuka. Akasema yake haitafufuka.

Hapo nikang'amua. Naye ameambiwa habari za mzee kuhama. Naye anataka kushindwa!

Ikabidi nifikiri haraka, na povu masikioni. Mimi najua porto ya mzee ni ya sitini na tatu. Nikimwambia hivyo, ataikwepa. Nikimdanganya kwamba ni nyingine, ataikwepa hiyo nyingine, na huenda akaiangukia ya sitini na tatu, lakini huenda asiiangukie. Sasa, Bwana Sahihi hajawahi kuamini neno langu hata moja. Kwa hiyo nikimwambia ukweli, atauona uongo. Atadhani ya sitini na tatu ndiyo salama. Ataichagua kwa mikono miwili!

Basi nikamwambia ukweli, lakini kwa sura ya mwongo. Nikakohoa. Nikaangalia dari. Nikasema, "Ni ya sitini na tatu, haki ya Mungu." Kinyozi akasema hata yeye haamini. Imepita!

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Upande mmoja wa kichwa haujanyolewa sawasawa, kwa sababu ya kuangalia dari.

Jumanne, 12 Machi

Usingizi umenipa wazo baya: majina yatafichwa. Nitaijuaje ya sitini na tatu ili niikimbie?

Nimemwendea muuzaji wa divai wa mjini. Ni mtu anayeongea na chupa kwa sauti ya chini, kama vile ana jamaa yake humo ndani. Nimesikiliza mengi kuhusu udongo na mvua. Mwishowe alitoa la maana: porto ikizeeka hupauka na kuelekea rangi ya tofali, na ile changa hubaki nyeusi kama wino. Kwisha! Glasi nyeusi kuliko zote itakuwa ya sabini na saba. Nitainyooshea kidole hiyo. Hata kuonja si lazima.

Kazini, jora la damu ya zabibu limefika. Mwenye pazia amekuja, amelishika, akauliza ni nini hiki. Anataka kama ile sampuli: yenye madoa madogo madogo yanayofifia pembeni. Kiwanda hakina mdomo, nikamwambia. Hakunielewa. Ameondoka kwa hasira. Meneja amesema jora ni langu, na asilione tena dukani.

Mwingine angevunjika moyo. Mimi nimekumbuka zawadi ya mzee!

Alhamisi, 14 Machi

Nimetundika mapazia kwa mzee. Kwa kuwa kitambaa kilikuwa tele sikubana: dari mpaka sakafuni, madirisha yote mawili, na mlango wa bustani, na kipande cha ukuta ambacho hakikuhitaji. Nilipoyafunga, jua likapenya na sebule nzima ikawa nyekundu. Viti, meza, mzee, wote.

Mzee akaketi katikati, akatazama pande zote. Baadaye akasema ni kama kukaa ndani ya mdomo wa mtu. Nikamshukuru.

Ijumaa, 15 Machi

Nimerudi nyumbani kutoka kazini nikamkuta mke wangu katika kile chumba kidogo ninamowekea sampuli. Sampuli zote ziko kwenye maboksi. Sakafu imepigwa deki. Kitanda cha akiba kimesimamishwa na kutandikwa, na pembeni kaweka meza ndogo. Kwa ajili ya redio, akasema.

Nikamwambia asijipe matumaini. Nikamwambia chumba kina unyevu. Nikamwambia wazee hawapendi kuhamishwa, ni kama miti. Nikamwambia dada yake ana bustani. Nilipofika kwenye bustani alikuwa ameacha kukunja blanketi.

Akaniambia jambo ambalo sikuwa nikilijua. Kila jioni humpigia baba yake simu na kumuuliza kama amekula. Baba yake humjibu, "Tumekula." Hajasema "nimekula" tangu mama yao aondoke. Mke wangu hajawahi kumsahihisha.

Kisha akaendelea kukunja blanketi.

Nimejisikia vibaya sana. Nimejisikia vibaya wakati wote wa chakula, na hata wakati wa kuosha vyombo. Kisha majirani wakafungua redio, nikapata picha ya alfajiri zangu zote zijazo. Mpango uko palepale. Nitachagua iliyo nyeusi.

Jumapili, 17 Machi

Naandika nikiwa sijui nicheke au nilie. Nitaeleza kwa utaratibu.

Tulifika wote. Mzee kavaa koti lake la hotelini, jeusi, na glavu nyeupe. Chupa tatu alikuwa amezisimamisha tangu jana ili mashapo yatulie chini, akazizibua mwenyewe kwa mkono usiotetemeka, akazimimina polepole katika majagi matatu ya kioo mbele ya mshumaa. Hakuna aliyeongea. Hata mimi.

Kisha Bwana Sahihi akaingia kutoka uani, kashika shavu. Shavu limevimba kama ameficha limau. Mdomoni pamba.

"Thamahani, baba," akasema. "Thiwethi kuonja. Nimeng'olewa jino athubuhi."

Daktari wa meno! Kang'olewa jino Jumapili asubuhi, na msaidizi wake mwenyewe! Shemeji yangu, mkewe, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba jana jino hilo lilikuwa likivunja mifupa ya kuku. Akamkanyaga mumewe mguu chini ya meza. Nikafahamu kwamba shemeji naye alikuwa ameshaandaa chumba.

Mtu kajitoa jino zima lisilo na kosa ili baba mkwe asimhamie. Sikujua kama ana moyo wa namna hiyo. Nilimwonea wivu.

Basi nikabaki peke yangu mbele ya glasi tatu. Nikatulia. Sikuwa na haja ya kuhangaika: nitafute nyeusi, ninyooshe kidole, nirudi nyumbani. Nikainama kuangalia rangi.

Zote zilikuwa nyekundu.

Nikainua moja dirishani. Nyekundu. Nyingine. Nyekundu. Kitambaa cha meza chekundu, glavu za mzee nyekundu, mkono wangu mwekundu. Mapazia! Mapazia yangu, kutoka darini mpaka sakafuni! Nikaomba yafunguliwe kidogo. Mzee akaweka mkono begani pangu na kusema hapana, ameyafunga makusudi kwa heshima ya aliyeyaleta.

Ikabidi nionje.

Ya kwanza ilikuwa laini, imechoka, kama mtu anayesimulia jambo zuri lakini kwa sauti ndogo. Ya pili ilikuwa na adabu sana. Nikanywa maji. Nikachukua ya tatu, nikaizungusha mdomoni kama nilivyojifunza, na nikasahau kutema.

Sijui nitasemaje. Mimi si mtu wa maneno hayo. Ilikuwa tamu, lakini utamu uliosimama kwa miguu yake. Kulikuwa na zambarau zilizoiva mpaka zikapasuka, na harufu ya kabati la mbao, na mwishoni kitu cha moto kikashuka kifuani na kukaa, kama mgeni aliyevua viatu. Nilifumba macho. Nikanywa tena. Hakuna aliyenilazimisha.

Nikaingiwa na hofu. Niliitaka hiyo! Kweli kweli! Niliitaka mpaka kaburini! Lakini kama ni ya sitini na tatu? Nikafikiri kwa kasi ambayo sijawahi kufikiri. Mimi na mzee tumekubaliana juu ya nini tangu nimuoe binti yake? Hatujakubaliana juu ya uma. Hatujakubaliana juu ya redio, juu ya pasi, juu ya namna ya kufunga lango. Kitu ninachokipenda mimi kiasi hiki hakiwezi, haiwezekani hata kidogo, kikawa ndicho anachokipenda yeye. Kwa hiyo ninachokipenda ndicho salama!

"Hii," nikasema.

Mzee akalishika jagi la tatu, akalizungusha, akatutazama sote. Kisha akavua glavu moja, akajipangusa macho.

"Ya sabini na saba," akasema. "Nilikuwa nimeshakata tamaa na ninyi wote wawili."

Nikauliza, kwa sauti iliyonitoka nyembamba, habari za pengo la ya sitini na tatu. Akasema hizo ndizo alizokuwa akiwapa wageni. Nyingi zilimalizwa kwenye harusi za binti zake. "Hata kwenye harusi yako uliinywa," akaniambia. "Uliitia soda." Ile yake, yeye na mama yao waliifungua moja kwa mwaka, siku ya ndoa yao, wakainywa taratibu. Ndiyo maana rafu imejaa. Alikuwa na haraka gani?

Akanikumbatia. Mzee! Mfupa mtupu, na harufu ya sabuni. "Mwanangu," akasema, mbele ya Bwana Sahihi. Siyo wewe wa mapazia. Mwanangu.

Leso sikuwa nayo. Nililia kwenye pazia.

Jumatatu, 18 Machi

Nyongeza ya jana, maana nilikuwa sina nguvu.

Tulirudi nyumbani, mke wangu akasimama langoni. Kisha akasema alidhani sitaki baba yake aje, na kwamba tangu Ijumaa alikuwa akinichukia kimoyomoyo. Lakini aliniona nilivyofumba macho. Akajua natafuta kwa moyo wote. Akaomba radhi.

Mtu mwungwana angesema ukweli. Nikasema nimemsamehe.

Pia: ya sitini na tatu iliyobaki na ya sabini yote, mzee amempa Bwana Sahihi. Pole ya jino! Bila sharti lolote, kwa kuwa mgonjwa halazimishwi kuchagua. Anaweza kunywa hii leo na ile kesho, apendavyo, kwenye bustani yake, kimya, bila redio.

Nimeliwaza jambo hili mchana kutwa. Nimemkatia mteja pazia fupi kwa futi moja.

Jumamosi, 23 Machi

Mzee amehamia tangu Jumanne. Amekuja na sanduku moja la nguo, redio, pasi, na masanduku ya porto yaliyobebwa kwa mwendo wa maiti mpaka kwenye kabati langu la koti. Makoti yangu yako bafuni.

Alfajiri: redio. Habari za mvua za nchi nyingine. Asubuhi: gazeti limepigwa pasi, na kwa wema wake kanipigia na la jana. Uma: kushoto. Nimeurudisha. Kushoto tena.

Jioni ni jambo jingine, nakiri. Hutandika meza ndogo, huvaa glavu, hunimiminia glasi moja ndogo, kisha hukaa mbele yangu na kufumba macho. "Leo ikoje?" huuliza. Daktari kamkataza kunywa, hajamkataza kuambiwa. Ninamwambia. Mwanzoni nilisema ni tamu. Akangoja. Ikabidi niseme zaidi: leo ina asali kidogo, leo ina moshi, leo imeamka vibaya. Hucheka bila kufungua macho. Mara hunisahihisha kwa kumbukumbu, na mara nyingi huwa ndiye aliye sahihi.

Jana mke wangu alisimama mlangoni akitutazama, sahani mkononi, mpaka chakula kikapoa. Leo amempigia dada yake simu. Nimemsikia mzee akidakia kutoka sebuleni: "Mwambie tumekula." Na kweli tulikuwa tumekula. Mke wangu akalirudia neno hilo kwenye simu, akalirudia tena.

Nakubali kwamba mambo yameniendea vizuri kuliko nilivyostahili. Porto hii ni yangu mpaka mwisho wa maisha na sihitaji nyingine. Nimeandika, na iwe hivyo.

Jumatano, 27 Machi

Lakini ya sitini na tatu ikoje?

Simaanishi kuinywa. Ni kuijua tu. Ile ya kwanza niliyoonja, ile laini, huenda ndiyo yenyewe, na sikuisikiliza vizuri kwa sababu ya mapazia. Na kule harusini iliharibiwa na soda. Mtu anawezaje kumwelezea mzee kwa haki ladha ya hii bila kuilinganisha na ile? Ni kwa faida yake.

Nimempigia Bwana Sahihi simu. Amekuwa mtu mwema tangu anyang'anywe ushindi alioukimbia. Anaiweka ya sitini na tatu kliniki, kwenye kabati la dawa, ili shemeji asiipekue. Tumekubaliana hivi: Ijumaa saa nne nitakwenda kama mgonjwa. Nitalala kwenye kiti, taa usoni, na msaidizi akitoka, Bwana Sahihi atanimiminia katika kile kikombe kidogo cha kusukutulia. Nani atashuku mtu anayezungusha kitu mdomoni kwa daktari wa meno? Hata kutema kunaruhusiwa!

Tatizo dogo limejitokeza jioni hii. Nilimwambia mzee kwamba jino linaniuma na Ijumaa nakwenda kung'olewa, hivyo huenda glasi ya jioni ikanishinda. Akaingiwa na huruma. Atanisindikiza. Nikamwambia asijisumbue. Akasema baba hamwachi mwanawe kwa daktari peke yake; ataketi humo humo chumbani, karibu na kiti, anishike mkono mpaka jino litoke. Mke wangu amemwandalia koti. Amenitazama, akatabasamu, akasema ni vizuri baba akienda, maana nami siku hizi nimekuwa mtu wa kuaminika.

Nimempigia tena Bwana Sahihi. Anasema njia ipo moja tu: ang'oe kweli, mzee aone jino kwa macho yake, aridhike, atoke nje akalipie, na ndipo kikombe kije. Ganzi haitakuwa imekolea upande wote wa ulimi. Anakadiria nitaonja nusu.

Nusu inatosha. Nimekwisha kubali. Nimepapasa mbele ya kioo na nimelichagua moja la nyuma kabisa, upande wa kulia, zima kama jiwe. Hata kulitumia silitumii sana.